Tundu la Waya

Waliingia Ijumaa, baada ya sala,
saa ambayo Limbani yote inanuka pilau
na mie nimejinyoosha mkekani, ukumbini.
Kwanza nilidhani ni honda ya Salum kinyozi,
kisha nikadhani ni masikio yangu, yana umri wao.
Nikatoka uani.
Juu ya ukuta bumba zima linaning'inia
kama pakacha lililojaa karafuu mbichi,
ila pakacha hili linapumua.

Mmoja mmoja, bila haraka,
kama watu waingiao hitimani,
wanapita kwenye tundu alilotoboa Mbarouk kwa patasi
apitishe waya wa televisheni.
Televisheni imekufa. Waya umekatwa.
Mbarouk yuko Maskati, mwaka wa saba,
na tundu lake nimeliacha wazi
sijui kwa nini.
Au najua, basi tu.

Mtaa ukanijia na akili zake.
Petroli, kasema Hamad wa dukani, chupa moja na kiberiti.
Dawa ya mbu, kasema mkewe, utawazoa kwa ufagio.
Makumbi, kasema Bi Raya, washa makumbi.
Tukawasha. Moshi ukaingia vyumbani kwangu,
nyuki wakakaa kwao.
Kisha mjukuu wa Bi Raya akarusha jiwe,
ndipo tukajua mtaa mzima unaweza kukimbia:
Hamad kajifungia dukani na wateja wawili,
mbuzi kakata kamba,
mwalimu wa chuo kajifunika jamvi na wanafunzi wake,
na mie usiku ule nililala na jicho moja
la kutazamia dunia.

Siku ya nane akaletwa Mkasi binti Shaame
kutoka Makangale, upande wa msitu,
mwembamba, sauti ya kunong'ona,
soksi za mpira miguuni, chandarua cha mtoto kichwani.
Hakuuliza petroli iko wapi.
Aliomba maji ya kunywa, kisha akagonga ukuta
kwa kifundo cha kidole, hapa, na hapa,
sikio limelala kwenye chokaa
kama mkunga anayesikiliza tumbo.
"Hawajakukosea," akasema.
"Wameona mlango hauna mwenyewe."

Tukangoja magharibi, warudi wote.
Watu hawahamishwi nusu.
Akatoa tofali la kwanza, la pili,
na ukuta wangu ukafunguka kama kabati:
masega manne, meupe, mapya,
yamepangwa kwa unadhifu ambao nyumba hii imeusahau.
Siku nane! Na dari langu lavuja mwaka wa pili.
Akayakata, akayafunga kwa uzi kwenye vijiti vya mzinga.
Akamtafuta mmoja. Alipompata hakupiga kelele,
alisema tu, "Huyu hapa mwenye nyumba,"
na waliobaki wakamfuata kwa miguu,
wallahi, wakitembea juu ya kanga yangu
kama watu waliokumbushwa jambo.

"Osha kwa maji moto na sabuni," akasema.
"Harufu ya nta haizeeki.
Mwakani wengine watapita, wataisikia,
watasema hapa palikuwa kwetu.
Kisha ziba. Saruji. Usiku huu, si kesho."

Tofali zikarudi. Likabaki tundu.
Kidole changu bado kinaingia mpaka kiungo cha pili:
upana wa waya, upana wa kijana juu ya ngazi
anayeita, mama, picha imekuja? Imekuja?
Mkasi alishika taa. Hakuniharakisha.

Nikaziba.

Juzi Mbarouk kapiga simu. Nikamsimulia, akacheka,
akauliza, na asali iko wapi?
Imekwenda na wenyewe, nikamwambia.

Jua likikaza, huja nyuki mmoja, mpelelezi,
anapapasa ukuta, anatua kwenye saruji,
anazunguka mara mbili, mara tatu.
Namwambia kwa upole: hapa si mlango, baba.
Mlango uko mbele,
na hodi unaijua.